Mwanafunzi na Kumbukumbu Zake: Nani Mwenye Ufunguo?



Kila mwaka, matokeo ya Kidato cha Sita yakishatangazwa, vijana wetu wa Bukoba na Muleba huanza safari ya chuo kabla hawajapanda basi lolote. Safari hiyo hufanyika katika mtandao wa kompyuta. Humo kijana huomba nafasi ya masomo, humo huomba mkopo, na akishapokewa chuoni, humo husajili masomo yake, huangalia ada anayodaiwa na kusoma matokeo ya mitihani. Kazi zilizokuwa za karani sasa ni zake mwenyewe, na wataalamu wameipa hali hiyo jina la huduma ya kujihudumia. Tumeona vema kuitafakari kwa jicho la haki, kwa sababu imekwisha kuwa mlango ambao watoto wetu hawana budi kuupita.

Tulikotoka

Wazee wetu waliosoma Dar es Salaam wanazikumbuka zama zile. Mwanafunzi aliondoka Bukoba kwa meli hadi Mwanza, akapanda treni, na mwisho wa safari akasimama mbele ya dirisha la ofisi ya chuo. Kumbukumbu zake zilikuwa ndani ya jalada, jalada lilikuwa kabatini, na ufunguo wa kabati ulikuwa mfukoni mwa karani. Karani akiwa mwema, shida ilikwisha siku hiyo. Akiwa si mwema, mwanafunzi aliambiwa arudi kesho, na kesho hiyo ilikuwa na kesho yake.

Vyuo vya nchi tajiri vilitangulia kuyahamisha majalada hayo na kuyaingiza katika kompyuta kuu, mashine kubwa iliyojaza chumba kizima na kutunzwa na mafundi wachache. Hata hivyo, kwa mwanafunzi dirisha lilibaki lile lile. Ndiyo maana mwaka 1974 Marekani ilitunga sheria inayompa mwanafunzi wa chuo haki ya kuzikagua kumbukumbu zake na kuomba zisahihishwe. Haki ilitangulia, njia nyepesi ya kuitumia ilikuja katika miaka ya 1990, vyuo vilipoanza kuzifungua kumbukumbu hizo kwa njia ya intaneti.

Kwetu mambo yalikuwa tofauti. Mwaka ule ule wa 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya Hazina kupata matatizo makubwa katika kuziendesha hesabu zake kwa mashine. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa, lakini tusiwacheke waliotutangulia. Yaliyowapata yanatufundisha kwamba mashine hainyoshi hesabu zilizopinda. Huziharakisha tu zikiwa zimepinda vile vile. Somo hilo tutalihitaji tena hapa chini.

Baadaye mwendo ulikuwa wa kasi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005. Leo maombi yake hupokewa kwa mtandao. Mwaka 2010 Tume ya Vyuo Vikuu ilianzisha udahili wa pamoja kwa mtandao, na mwaka 2017 waombaji wakarudishwa kuomba moja kwa moja katika vyuo, kila chuo na mfumo wake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mfumo uitwao ARIS, na vyuo vingine vina mifumo ya namna hiyo.

Jema tulikiri

Hatuandiki ili kulilia kabati la zamani. Kijana wa Kamachumu anayeyaona matokeo yake akiwa nyumbani ameokolewa nauli, siku za safari na ile "chai" iliyodaiwa kwa siri ili jalada lionekane. Kumbukumbu za mtu kumfikia mwenyewe bila kumpigia magoti mtu mwingine ni jambo linaloheshimu utu wake. Anayetaka turudi nyuma hatakuwa na sisi.

Lakini kufungua dirisha ni jambo moja, na watu kulifikia ni jambo jingine. Mifumo hii hubuniwa na watu wenye umeme, mtandao na kompyuta mezani. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Binti wa kisiwani

Tunamfahamu binti mmoja wa visiwa vya Muleba. Baba yake alifariki angali mdogo. Mama yake anakausha dagaa. Alifaulu vizuri, akavuka ziwa kwa mtumbwi wa injini, akapanda gari hadi mjini, akaingia katika duka la steshenari kuomba mkopo. Foleni ilikuwa ndefu. Mwenye duka, ili kwenda haraka, alimfungulia anwani ya barua pepe, akamtungia neno la siri na kuandika namba ya simu ya duka, kwa kuwa simu ya binti haikuwa na chaji. Binti akalipa, akapewa karatasi, akarudi kisiwani akiwa na furaha.

Baada ya wiki kadhaa likafunguliwa dirisha la marekebisho. Maombi yake yalikuwa na kasoro: jina la baba katika cheti cha kifo lilitofautiana kwa herufi moja na lile lililo katika cheti chake cha kuzaliwa. Taarifa ilikuwa ikimngoja katika akaunti ambayo hakuwahi kuifungua mwenyewe na ambayo neno lake la siri hakulijua. Alipopata habari kwa rafiki na kuvuka tena, mwenye duka alikuwa amekwisha kulisahau neno lile kati ya mamia aliyoyatunga. Dirisha lilifungwa. Binti alikaa nyumbani mwaka mzima akikausha dagaa pamoja na mama yake.

Nani alimkosea? Mwenye duka hakuwa mwizi. Alihudumia watu wengi kwa muda mfupi. Bodi ilitangaza tarehe mapema. Mashine ilifanya ilivyoagizwa. Kila mmoja akijitetea anaonekana hana hatia, na hata hivyo yatima amepoteza mwaka wa maisha yake. Dhuluma za namna hii ndizo ngumu kuzitibu, kwa sababu hazina mtu wa kumwita barazani.

Herufi moja

Tuseme kwa uwazi kwamba herufi ile moja inatuhusu sisi pia. Katika mkoa wetu jina la mtu huandikwa mara nyingi na mikono mingi: katika daftari la ubatizo, shule ya msingi, Baraza la Mitihani, kitambulisho cha Taifa na cheti cha RITA. Deusdedit huwa Deusdedith, Adventina huwa Advetina, na jina la ukoo hutumika hapa na kuachwa kule. Karani wa zamani aliweza kutambua kwamba ni mtu yule yule. Mashine haina utambuzi huo. Herufi ikizidi, kwake ni mtu mwingine.

Tukumbuke pia historia yetu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Miaka iliyofuata tulizika wazazi wengi, na waliozika hawakuwa na nguvu ya kwenda kuandikisha kifo wilayani. Mazoea hayo ya kuzika bila kuandikisha hayajakwisha. Leo mfumo wa mikopo unamwambia yatima athibitishe uyatima wake kwa cheti kilichohakikiwa na RITA. Masharti hayo yana sababu yake, maana wapo waliojifanya yatima. Lakini yanamwelemea zaidi yule ambaye mkopo uliwekwa kwa ajili yake.

Tusiuze kahawa ikingali maua

Wakulima wa Kagera wanaijua butura. Mwenye shida huuza kahawa ikingali maua au mbichi mtini, kwa bei ya kutupa, na msimu ukifika mavuno si yake tena. Tunaipinga butura kwa kuwa inamnyang'anya mkulima jasho lake kwa kutumia dhiki yake.

Kijana anayemwachia mtu mwingine neno lake la siri, akamwachia na barua pepe na namba ya simu, anafanya butura ya aina nyingine. Kwa dhiki ya siku moja anatoa ufunguo wa mambo ya miaka mingi: udahili, mkopo, matokeo, na baadaye deni atakalolirejesha akiwa kazini. Wazazi, msiruhusu jambo hili. Aombe msaada wa kuandika, lakini neno la siri alitunge mwenyewe, aliandike katika daftari lake na kulitunza nyumbani, na namba ya simu iwe yake au ya mzazi.

Yatupasayo kudai na kutenda

Mafundisho ya jamii ya Kanisa yanatupa kanuni ya auni: jambo ambalo mtu au jumuiya ndogo inaweza kulitenda, mkubwa asilinyang'anye, na pale mdogo asipoweza, mkubwa asimwache peke yake. Kujihudumia kunatimiza nusu ya kwanza ya kanuni hiyo. Tunadai nusu ya pili.

Kwa vyuo na Bodi ya Mikopo tunasema hivi: panapokuwa na mfumo, pawepo pia mtu. Mwanafunzi ambaye mashine imemkataa awe na mahali karibu pa kwenda, ofisi ya wilaya ikiwezekana, ambapo mtumishi mwenye mamlaka atasikiliza na kusahihisha. Muda wa marekebisho upangwe kwa kumfikiria anayengoja mtumbwi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinajenga kampasi yake hapa Kagera. Tunaomba milango yake iwe pia mahali ambapo kijana wa kwetu atapata maelekezo hayo bila kuvuka nusu ya nchi.

Haya si maombi ya hisani tu. Katiba yetu, katika ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu, na katika ibara ya 18 inagusa haki yake ya kupata habari. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zilizoko kwa mwingine na kutaka zirekebishwe zikiwa na makosa. Waamini wengi hawajaisikia sheria hii. Viongozi wa walei waisome na kuieleza.

Kwa parokia zetu tunaanza na sisi mapadre. Daftari la ubatizo nalo ni kumbukumbu ya watu, na makatibu wetu hawajaepuka kabisa "njoo kesho". Tuandike majina kwa usahihi, tukilinganisha na cheti cha kuzaliwa pale kilipo, na anayeomba nakula aipate kwa wakati. Kila parokia yenye kompyuta iitenge kwa siku chache katika msimu wa maombi, vijana wetu walioko vyuoni wawaelekeze wadogo zao bila kushika siri zao. Na kila Jumuiya Ndogo Ndogo ihakikishe kwamba mtoto aliyezaliwa na mtu aliyefariki wameandikishwa serikalini, badala ya kungoja mwaka wa kwenda chuo.

Mwalimu Nyerere aliwafananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, ili apate nguvu ya kwenda kuleta msaada. Mfano huo huwaelekeza wasomi warudi. Leo tunauelekeza kwetu tuliobaki kijijini: je, tumehakikisha kwamba tunayemtuma amepata njia ya kutoka?

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya

1. Katika Jumuiya yetu kuna kijana aliyekosa chuo au mkopo kwa sababu ya hati au mtandao? Alisaidiwa na nani?
2. Majina ya watoto wetu yanafanana katika hati zao zote? Tutaanza lini kuyasahihisha?
3. Tunaweza kutenda nini kabla dirisha la maombi lijalo halijafunguliwa?