Propela mpya isikwame mpakani

Dereva wa lori linalotoka Mombasa kwenda Kigali hahitaji kufundishwa maana ya difu. Anajua kuwa difu ya nguvu hupanda mlima na shehena yake taratibu, lakini kwenye tambarare huachwa nyuma. Anajua pia kuwa difu ya kasi hukimbia vizuri sana mpaka siku inapokutana na mlima. Hakuna difu inayotoa vyote viwili, na anayeuza kwa kuahidi vyote viwili anajulikana ni mtu wa namna gani.

Mwenye ndege nyepesi ya michezo, ile ndogo ya viti viwili isiyozidi kilo 600, hufikia uamuzi huo huo anapotaka kubadilisha propela, ambayo wengine huiita pangaboi. Tofauti ni moja tu. Lori likishindwa mlima, tanboi hushuka akaweka jiwe nyuma ya tairi. Ndege ikishindwa kunyanyuka mwisho wa kiwanja, hakuna pa kuweka jiwe.

Ndege hizi hazibebi mizigo ya watu wala abiria wa kulipa nauli. Hata hivyo zinawahusu wafanyabiashara wa mipakani kuliko inavyodhaniwa. Ni ndege za gharama nafuu za kufundishia, na kijana anayejifunza humo leo ndiye kesho anaweza kurusha ndege ya mizigo yenye vifaranga, dawa au vipuri vyao. Isitoshe, propela yenyewe ni bidhaa. Hutengenezwa Ulaya na Marekani, huagizwa na mtu, hulipiwa, husafirishwa na kupita forodhani. Mahali inapokwama ndipo bidhaa nyingine nyingi hukwama.

Nyingi ya ndege hizo hutumia injini ya Rotax 912, inayotoa nguvu za farasi 100 kwa mizunguko 5,800 kwa dakika. Mizunguko hiyo ni mingi mno kwa propela, hivyo giaboksi huipunguza mpaka karibu 2,400. Injini inaruhusiwa kukaa kwenye 5,800 kwa dakika tano tu, kisha irudi 5,500 au chini yake. Kazi ya propela ni kuiacha injini ifike huko bila kuizidi. Mapanga yakilalia pembe kubwa mno, injini huhema kama mtu aliyebebeshwa gunia mbili, na ndege hula kiwanja chote kabla ya kunyanyuka. Pembe ikiwa ndogo mno, injini huzunguka kupita kiasi huku ndege ikienda polepole.

Sasa ongeza nchi zetu. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Arusha uko karibu mita 1,390, na Kigali unakaribia 1,500. Injini isiyo na taboo hupoteza takriban asilimia tatu ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda, kwa hiyo zile farasi 100 za kwenye karatasi, zikifika Wilson, zaidi ya 15 zimeshabaki njiani. Hiyo ni asubuhi yenye baridi. Saa nane mchana, joto likifika nyuzi 28, hewa ya Wilson huwa nyembamba kama ile ambayo vitabu huiweka mita 2,500. Propela nayo huikamata hewa hiyo nyembamba kwa shida.

Ndiyo maana tangazo linalosifu mwendo wa safari halimfai mnunuzi wa huku. Limeandikwa kwa ajili ya mtu anayeruka kutoka kiwanja cha lami, karibu na usawa wa bahari, kwenye baridi. Mwenye ndege anayeshinda Arusha au Nairobi anahitaji propela ya kupandia, na akubali kufika dakika chache baadaye. Wa Dar es Salaam au Mombasa ana uhuru zaidi wa kuchagua. Kuna imani pia kwamba mapanga matatu yana nguvu kuliko mawili. Hayana. Nguvu hutoka kwenye injini. La tatu huleta utulivu wa mtetemo na huruhusu mapanga yawe mafupi yasikaribie changarawe, na hiyo ni faida kubwa kwenye viwanja vya vumbi, ila si farasi wa nyongeza.

Uzito nao hutazamwa. Propela ya nyuzi za kaboni huwa nyepesi, na hilo hufurahisha, lakini mtengenezaji wa injini ameweka kikomo cha ukinzani ambao propela inaruhusiwa kuuletea giaboksi wakati wa kuwasha na kuzima. Propela nzito au ndefu kupita kikomo huila giaboksi kimyakimya. Fundi huifunga kwa spana ya kupimia mkazo, hupima pembe ya kila panga moja moja, huiwasha ndege ikiwa imefungwa chini, huandika mizunguko, na hukaza tena boliti baada ya saa chache za kuruka. Anayeruka hatua hiyo ya mwisho kwa sababu ya haraka asipewe ndege nyingine.

Yote hayo ni kazi ya mikono, na mafundi wazuri wapo. Ugumu wenyewe uko kwenye karatasi.

Kwenye maduka ya vipuri ya Kariakoo, Kirinyaga Road au Kisekka, swali ni moja: kinaingia au hakiingii? Kikiingia, biashara imekwisha. Kwenye ndege kuingia si hoja. Marekani ilipoanzisha daraja la ndege nyepesi za michezo mwaka 2004, iliweka sharti ambalo nchi nyingine nazo zimejifunza kwalo: ndege iliyotoka kiwandani ikiwa kamili haibadilishwi propela bila barua ya mtengenezaji wa ndege. Barua ya mtengenezaji wa propela haitoshi, na kauli ya fundi haitoshi. Asiyetaka kuisubiri anaweza kuihamishia ndege yake kwenye daraja la majaribio, lakini huko hupoteza haki ya kuikodisha kwa mafunzo, yaani hupoteza kipato.

Wapo wanaolilaumu sharti hilo kuwa ni njia ya viwanda kujilinda. Lawama hiyo ina ukweli kidogo. Kiwanda kinaweza kukawia miezi, kinaweza kukataa bila maelezo, na kikifungwa kabisa mwenye ndege hubaki bila wa kumwandikia. Lakini propela mpya hubadilisha mtetemo, uzito wa puani na mwendo wa kunyanyuka, na aliyebuni ndege ndiye anayejua fremu yake inavumilia nini. Sharti libaki. Kinachopaswa kubadilika ni kile kinachotokea barua ikishapatikana.

Chukua mwenye shule ya urubani karibu na Nairobi. Ameagiza propela ya kupandia, amepata barua ya kiwanda, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya imekubali, na kila kitu kimeandikwa kwenye daftari la ndege pamoja na namba ya propela. Mwenzake wa Arusha ana ndege ya aina hiyo hiyo, injini hiyo hiyo, na kiwanja chenye shida ile ile. Anaanza upya. Karatasi zilezile zinapelekwa kwenye mamlaka nyingine na kusomwa tena tangu ukurasa wa kwanza, huku ndege ikilala kwenye banda na wanafunzi wakihesabu siku.

Tena kuna suala la kuvuka. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, kifungu cha 33, unazitaka nchi zitambue cheti cha ndege kufaa kuruka kilichotolewa na nchi ilikosajiliwa, mradi kinafikia viwango vya kimataifa. Ndege nyingi nyepesi za michezo hazina cheti hicho kamili, zina kibali maalumu. Kwa hao, kifungu cha 40 kinasema ndege isiingie nchi nyingine bila ruhusa ya nchi hiyo. Kwa maneno ya sokoni, cheti kamili ni bidhaa yenye alama ya ubora, na kibali maalumu ni bidhaa inayohitaji mazungumzo kila inapofika getini. Propela iliyobadilishwa bila maandishi huyamaliza mazungumzo hayo kabla hayajaanza, na ajali ikitokea, kampuni ya bima itauliza kuhusu propela hiyo kwanza.

Wafanyabiashara wa Namanga, Busia, Mutukula na Rusumo wameyapitia haya kwa unga, sabuni na mabati. Mwaka 2006 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitunga sheria ya viwango na ubora, na msingi wake ni kwamba bidhaa iliyopata alama ya ubora katika nchi moja mwanachama isipimwe upya katika nyingine. Utekelezaji umekuwa na mashimo yake, na mwenye duka mpakani anaweza kuyataja yote bila kushika daftari. Hata hivyo msingi ni sahihi, na hakuna sababu ya kuuacha ardhini usipande angani.

Chombo cha kufanya kazi hiyo kipo. CASSOA, wakala wa Jumuiya wa usalama wa anga wenye makao yake Entebbe, ulianzishwa mwaka 2007 kwa ajili ya kulinganisha kanuni za anga za nchi wanachama. Hapo ndipo panapofaa kuwekwa orodha moja: aina ya ndege, aina ya injini, aina ya propela, na nchi mwanachama iliyokwisha kuikubali kwa barua ya kiwanda. Mamlaka ya nchi nyingine ikiikuta kwenye orodha, ikague ufungaji na daftari, isirudie uchunguzi wa propela yenyewe. Nchi inayosajili ndege hubaki na dhamana yake yote. Inachookoa ni kazi ambayo jirani ameshaifanya kwa viwango vilevile.

Watakaopinga watasema nchi moja ikilegea, zote nane zitaumia. Hofu hiyo si ya bure. Dawa yake ni orodha kuwa na mlango wa kutokea: nchi yoyote ikiona mapanga yanapasuka au kitovu kinalegea, iandike, na propela hiyo isimame kwa wote siku hiyo hiyo. Leo habari kama hiyo inaweza kubaki kwenye banda moja Kajiado huku propela ya aina hiyo ikiendelea kuzunguka Entebbe.

Forodha nayo iguswe. Mama anayevuka Namanga na maharage ya chini ya dola 2,000 ana cheti rahisi cha asili, na akikitumia havuki kwa shida kubwa. Propela haiwezi kupata nafuu hiyo, kwa kuwa haikutengenezwa Afrika Mashariki. Matokeo yake ni kichekesho: ikiwa imefungwa kwenye pua ya ndege, huvuka mpaka kwa dakika chache. Ikiwa ndani ya boksi, ikipelekwa kwa ndege iliyokwama upande wa pili kwa sababu panga moja limepigwa na jiwe, inakuwa mzigo wa kigeni wenye maswali. Kipuri cha usalama kinachosafiri na barua ya kiwanda na namba yake kinastahili mlango wake.

Haraka inatokana na kwingine. Julai 2025 Marekani ilitangaza kanuni mpya zinazolegeza masharti ya 2004, na miongoni mwa mambo yaliyofunguliwa ni propela zinazobadilishwa pembe rubani akiwa angani, yaani lori lenye difu mbili. Wenye uwezo huko watazinunua, na zile za zamani, nyingi zikiwa bado nzima, zitatafuta soko. Baadhi zitaonekana Nairobi, Dar es Salaam na Kampala kwa bei ya kuvutia, bila daftari, namba zikiwa zimekwanguliwa. Mfanyabiashara wa vipuri atakayepigiwa simu na kuambiwa zipo kumi kwa bei ya nne aulize kwanza daftari la kila moja liko wapi, na kama muuzaji hana, asizinunue hata kwa bei ya moja.