Likizo ya Mwanachuo

Wako watu wasemao kwamba mwanafunzi wa Chuo Kikuu akitumia likizo yake ndefu kuchunguza mawe au kuhesabu wadudu, amepoteza wakati. Heri angalikaa na vitabu vyake. Maneno hayo hayana msingi. Mpiga mbizi nchi kavu huchunuka usoni.

Mtazameni Charles Darwin. Baba yake alimtaka awe daktari, asiweze. Kisha akampeleka Cambridge ili awe kasisi. Mwezi wa Agosti 1831, alipokwisha kupata shahada, alifuatana na Profesa Adam Sedgwick kaskazini ya Wales, akajifunza kupima miamba na kuiandika katika ramani. Aliporudi nyumbani alikuta barua ya kumwalika safari ya meli ya Beagle. Barua hiyo ilimkuta yu tayari, na ukasisi ukasahauliwa.

Mtasema si kila kijana ni Darwin. Ni kweli. Lakini hata yule atakayeona kwamba utafiti haumfai amepata faida, kwa kuwa amelijua hilo kwa majuma machache, wala si baada ya miaka kumi ya kazi asiyoipenda.

Ila jambo hili lisiwe la matajiri tu. Darwin alikuwa mwana wa mwenye mali. Mtoto wa mkulima hawezi kufanya kazi ya bure likizo nzima. Huko Marekani, shirika la National Science Foundation lilianzisha mwaka 1987 mpango wa kuwalipa posho wanafunzi watafiti. Vyuo vyetu navyo viwalipe wanafunzi wao, la sivyo tutawakosa wataalamu tulio nao.