NYUMBA YETU: Mbao Nzima au Mbao za Tabaka?



Majira ya korosho yakipita na fedha kidogo ikaingia mkononi, watu wengi wa Kisarawe na Kibaha huanza kufikiri habari ya nyumba. Kuta zimekwisha simama, bati limekwisha pigwa; imebaki milango, kitanda, kabati na sakafu. Hapo ndipo fundi seremala huuliza: “Mnataka mbao nzima, au hizi za tabaka?” Baba humtazama mama, mama humtazama baba, na mara nyingi bei tu ndiyo inayojibu. Leo napenda tulitazame swali hili vizuri, maana mlango si kitu cha mwaka mmoja.

Kwanza tujue tunachouziwa. Mbao nzima ni mti uliopasuliwa kwa msumeno: mninga, mkongo, mvule, msaji, au paini wa Sao Hill kule Mufindi. Mbao za tabaka ni mti uliochunwa. Gogo huzungushwa mbele ya kisu kirefu, likatoa ngozi nyembamba kama mtu amenyaye chungwa. Ngozi hizo hupangwa moja juu ya nyingine, kila moja ikikingamana na iliyo chini yake, kisha hubanwa kwa gundi na moto. Hiyo ndiyo plaiwudi. Tazama ukingo wake, utaziona tabaka, nazo kwa kawaida ni 3, 5, 7 au zaidi, hesabu isiyogawanyika kwa mbili.

Tena kuna jamii ya tatu: chipibodi, na ile waiitayo MDF. Hizi si mti uliopasuliwa wala uliochunwa. Ni vipande vidogo vya mti, au nyuzi zake, vilivyoshindiliwa pamoja na gundi. Juu hubandikwa karatasi yenye picha ya mbao nzuri. Wahenga walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Ukiona kabati linang’aa dukani, fungua mlango wake utazame mgongoni na chini, si usoni tu.

Sasa kwa nini watu walianza kuunganisha tabaka? Sababu ni unyevu. Mbao hunywa maji ya hewani wakati wa masika, ikavimba. Kiangazi huyatoa, ikanywea. Nayo havimbi kwa urefu, huvimba kwa upana. Mbao mbichi ya upana wa inchi 8 ikikauka yaweza kupungua robo ya inchi au zaidi. Ndiyo sababu mlango uliofunga vizuri mwezi wa Januari hukwama mwezi wa Aprili, na mtoto huusukuma kwa bega. Katika plaiwudi kila tabaka huizuia jirani yake isitanuke, kama ukindu wa mkeka unaokwenda huku unavyoushika ule unaokwenda kule.

Lakini msidhani mafundi wa zamani hawakulijua jambo hili. Mlango wa paneli ulitungwa kwa sababu hiyo hasa. Paneli huingizwa katika mfereji wa fremu bila gundi wala msumari, ipate nafasi ya kuvimba na kunywea pasipo kupasuka. Fundi akikupigia misumari paneli zako zote ili “zisicheze”, mwambie kwa upole aing’oe, maana hizo zitapasuka.

Basi tuchague. Mlango wa nje uwe wa mbao nzima. Mlango wa flashi, ambao ndani ni fremu nyembamba na uwazi uliojazwa karatasi ngumu, haufai kupigwa na mvua ya upande, wala haumzuii mwizi. Mninga ni mzuri mno kwa kazi hii, kwa kuwa ukikauka hautikisiki sana. Mkongo na mvule nao husimama imara mbele ya mchwa. Paini ni laini, nao mchwa huupenda. Usiununue kwa mlango wa nje wala kwa paa kama haukutiwa dawa.

Milango ya vyumbani yaweza kuwa ya plaiwudi, wala si aibu. Tuseme baba fulani ana fedha ya milango miwili ya mninga tu, na nyumba yake ina milango mitano. Je, anunue miwili na mitatu iwe pazia? Mabinti wakubwa walale katika chumba kisicho na mlango? Sivyo. Anunue mmoja wa mninga kwa mbele na mmoja kwa nyuma hapo atakapoweza, na vyumba vya watoto avipatie milango myepesi mapema. Heshima ya watoto ndani ya nyumba yapita sifa ya wapita njia.

Kitanda kiwe na miguu na mbavu za mbao nzima. Chini ya godoro yafaa plaiwudi ya milimita 12. Jikoni msitie chipibodi kabisa. Ikinywa maji huvimba kama andazi, na ikikauka hairudi ilivyokuwa. Skrubu za bawaba hutoka zenyewe. Mkitaka ubao wa tabaka mahali penye maji, ulizeni marini bodi, ile yenye gundi nyeusi. Ijaribuni hivi: ombeni kipande kidogo, mkichemshe katika sufuria muda wa saa chache. Tabaka zikiachana, gundi yake ni ya mahali pakavu tu.

Na sakafu je? Swali hili limekuja kwa sababu vijana wetu walioko Dar es Salaam wameona sakafu za mbao katika nyumba za mjini, nao wangependa kuwafanyia wazazi. Nia yao ni njema. Sakafu hizo nazo ni za namna tatu. Ya mbao nzima yaweza kupigwa msasa mara nyingi, ikarudi kuwa mpya. Ya tabaka ina uso wa mti wenyewe wa milimita chache tu, nayo yavumilia msasa mara moja au mbili; faida yake ni kwamba haijikunji sana hewa ya pwani inapobadilika. Ya tatu ni picha juu ya unga wa mbao ulioshindiliwa; hiyo haina msasa, ikichakaa hutupwa.

Lakini tazameni busara ya wazee wa pwani. Katika nyumba za ghorofa za mawe kule Bagamoyo na Unguja, waliweka boriti za mikoko juu, mahali hewa inapopita, kisha wakatandaza mawe na chokaa juu yake. Urefu wa boriti ndio uliowapa upana wa chumba, kwa kawaida usiozidi mita 3. Chini, palipogusana na udongo, hawakulaza mbao. Walijua kuwa mchwa hutoka ardhini, na unyevu pia. Kwa hiyo nyumba iliyo juu ya udongo wetu wa Maneromango au Mlandizi, sakafu yake iwe ya saruji. Shindilieni kifusi, tandikeni nailoni nzito, mwageni zege, kisha limwagilieni maji siku 7 lisipasuke. Fedha ambayo kijana alitaka kuitia katika sakafu ya mbao, aitie katika mlango wa mbele na kitanda cha mama yake. Hivyo vitadumu.

Mkishachagua mbao nzima, itazameni kabla ya kulipa. Mbao mbichi ni nzito na baridi mkononi. Iliyokauka ni nyepesi, na ukiigonga hulia. Tazameni rangi: kiini cha mninga ni cha hudhurungi, na sehemu ya nje ni nyeupe. Hiyo nyeupe ndiyo bungua huianza. Mbao yenye nyeupe nyingi si mninga mliolipia, hata kama fundi ameipaka rangi ikafanana. Kama ni mbichi, msiipeleke kwenye randa. Samaki hukunjwa angali mbichi, lakini mbao hungojwa. Ipangeni kivulini, juu ya matofali, na vijiti katikati ya mbao na mbao hewa ipite, mweke na mawe juu isijipinde. Mbao ngumu ya unene wa inchi 1 huhitaji karibu mwaka mmoja.

Sasa niseme neno zito zaidi. Mninga ulitoka wapi? Mti huo hukua polepole sana. Mtu auonaye mche, wajukuu wake ndio watakaoupasua. Karibu nasi iko misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, na ile ya Ruvu Kaskazini na Ruvu Kusini. Wengi wenu mmekwenda kuhiji Pugu, mahali ambapo wamisionari Wabenediktini walianza kazi mwaka 1888, na misioni yao ikabomolewa Januari 1889. Vilima hivyo ndivyo chimbuko la mto Msimbazi. Misitu yake imekatwa sana kwa mkaa na mbao, na sehemu kubwa ya Ruvu Kaskazini imegeuka vichaka.

Mtu akikuletea usiku mbao za bei ndogo ajabu, juu ya pikipiki, bila stakabadhi, usiseme, “Mungu amenisikia.” Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka mbao ziwe na kibali cha kuvunia na hati ya kusafirishia, na kugongwa alama ya nyundo. Ulizeni stakabadhi, na iwekeni pamoja na karatasi za kiwanja. Anayekutwa na mbao zisizo na hati hushtakiwa, hata kama hakushika shoka. Na kwa sisi Wakristo jambo halikomei kwa polisi. Amri ya saba yamhusu aibaye, na pia yule apokeaye kilichoibwa huku akijua. Utawezaje kukusanya watoto jioni kwa Rozari nyuma ya mlango ambao hukuthubutu kuuliza ulikotoka? Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato si’ wa mwaka 2015, aliita dunia nyumba yetu ya pamoja. Si haki kuibomoa nyumba hiyo ili tupambe nyumba yetu ndogo.

Hapa ndipo plaiwudi inapata sifa yake. Uso mwembamba wa mti mzuri juu ya miti ya kupandwa hufanya gogo moja litoshe milango mingi. Anayenunua plaiwudi njema kwa vyumba vyake, na mninga wa halali kwa mlango mmoja, hajajifedhehesha. Ametumia kwa kiasi.

Tena pandeni. Msaji hustawi katika nchi zetu za joto, nao huvunwa ungali wewe hai kama ulianza kijana; mashamba ya serikali ya Longuza na Mtibwa ni ushahidi. Mtoto akibatizwa, pandeni miti 10 mpakani mwa shamba. Siku ya kuoa kwake, hatahangaika kutafuta kitanda.

Mwisho, shaurianeni. Mlango usinunuliwe kwa karo ya shule, wala kwa deni ambalo mama halijui. Na tarehe 1 Mei, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, aliyoiweka Papa Pio wa 12 mwaka 1955, mkumbukeni fundi wenu katika sala, na kama bado mnamdai au anawadai, malizaneni siku hiyo. Yosefu alikuwa seremala, na Bwana wetu alikua kati ya mbao na randa. Alijua uzito wa mlango mwema.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutaongea juu ya kukinga maji ya mvua yatokayo batini. Mungu azibariki nyumba zenu.