Mmea wa Nyikani na Somo la Uzazi wa Mimea

Mwaka mmoja niliingia katika darasa la baolojia huko Handeni, nikawakuta wanafunzi wakinakili ubaoni mchoro wa mstroberi unaotambaa na kutoa miche. Hakuna hata mmoja wao aliyepata kuuona mmea huo. Nje ya dirisha, nyika ilikuwa imejaa mmea ambao ungewafundisha jambo lilo hilo.

Nakusudia ule uitwao kitaalamu Cissus quadrangularis, jamaa ya mzabibu, wenye shina nene la kijani lenye pembe nne na mafundo. Nilipokuwa ng'ambo nikitafuta shahada ya udaktari, niliukuta katika nyumba ya kioo iliyopashwa joto, umening'inizwa na kutunzwa kama mgonjwa. Kwetu tunaufyeka.

Kuuzalisha ni kazi nyepesi. Kata kipande chenye mafundo mawili au matatu, ukiweke kivulini siku kadhaa mpaka jeraha likauke, ndipo ukizike fundo moja katika mchanga uliochanganywa na udongo. Kopo lililotobolewa chini latosha. Wengi hushindwa kwa huruma: hupanda kipande kibichi, wakakinywesha kila siku, kikaoza. Maji yatiwe udongo ukishakauka kabisa.

Mkulima wa Korogwe haoni ajabu hapo. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62 tu, nayo ikawa chanzo cha mashamba ya mkonge ya nchi yetu. Hadi leo mkonge hupandwa kwa machipukizi, si kwa mbegu. Mwalimu na awaulize wanafunzi: ugonjwa ukilipata shamba ambalo mimea yake yote ina urithi mmoja, itakuwaje?

Lakini linalonivutia zaidi ni namna mmea huu unavyopumua. Ili usipoteze maji, hufunga stomata zake mchana na kuzifungua usiku, ukapokea hewa ya ukaa na kuihifadhi kama asidi ya maliki, itumike jua litokapo. Kwa hiyo shina huwa na asidi nyingi alfajiri kuliko jioni. Jambo hili hupimika katika maabara ya kawaida: vipande vya uzito sawa visagwe, maji yake yachujwe na kuzimuliwa sawasawa, kisha haidroksidi ya sodiamu itiwe tone kwa tone, pamoja na finofthalini, mpaka rangi ya waridi itokee. Matone yahesabiwe.

Najua nitaambiwa kwamba muhtasari ni mrefu na mtihani u karibu. Sikubali. Kazi yote haizidi vipindi viwili, na mmea wenyewe hauhitaji mtumishi wakati wa likizo. Wanafunzi wa bweni wakate kipande cha alfajiri, wa kutwa wakate cha jioni. Na wote wanawe mikono, maana utomvu wake huwasha.