Nani Aliwaambia Mje Julai?

Kenya nzima ina kalenda moja ya utalii: njoo Julai hadi Oktoba, kwepa Machi hadi Mei. Ulizia Migori, utapewa hiyo. Ulizia Homa Bay, hiyo hiyo. Ni kalenda ya nyumbu wanaovuka mto Mara na ya likizo za shule za Ulaya. Huku kwenye kaunti hizi mbili za Ziwa Victoria hakuna nyumbu.

Tuanze na omena, dagaa wa ziwani, maana wageni wengi hutamani kuona taa za wavuvi zikitapakaa majini usiku. Uvuvi wa omena hufungwa kila mwaka kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai ili samaki wazaane. Kwa hiyo anayetua Mbita, Homa Bay, mapema Julai, kwenye huo “msimu bora”, atakuta nyavu zimekunjwa. Hata uvuvi ukifunguliwa, mwenye kauli ni mwezi wa angani: taa huwavuta omena gizani, na mbalamwezi iking'aa hazina nguvu. Wakala gani wa safari amewahi kukuambia uangalie mwezi kabla ya kulipia chumba?

Kule Migori, kuta za boma la kale la Thimlich Ohinga zilipangwa jiwe juu ya jiwe, bila udongo wala chokaa. UNESCO iliziorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2018, baada ya kupigwa na masika kwa karne kadhaa. Mgeni naye anaogopa kulowa alasiri moja!

Kuhusu Hifadhi ya Taifa ya Ruma, kule Homa Bay, nakubali kwamba msimu una maana. Nyasi za Bonde la Lambwe zikirefuka, korongo, swala ambaye Kenya nzima amebaki hapo tu, haonekani kirahisi, na udongo mweusi ukilowa hunasa magari. Nyanda za chini za Nyatike, Migori, pia: mto Kuja ukifurika watu huhama makwao; huko usiende kutalii. Lakini hizo ni sehemu mbili. Mbona kaunti mbili nzima zifungiwe mlango?

Desemba nayo husifiwa kwa jua lake. Anayesifu hajakata tiketi ya basi kutoka Nairobi wiki ya Krismasi, kila mtu akirudi nyumbani na nauli ikipanda.

Serikali yenyewe iliadhimisha Siku ya Madaraka ya 2025 huko Homa Bay, Juni 1, masika yakiwa ndiyo kwanza yanaisha, na watu walifurika mjini. Wiki chache kabla ya hapo, katikati ya Mei, vilima vya Gwassi, kaunti hiyo hiyo, huwa kijani kibichi na mwenye nyumba ya wageni hukubali kupatana bei.