Ugumu wa Metali Usifundishwe kwa Imla

Aghalabu somo la metali katika shule zetu huanza na kumalizika ubaoni: chuma ni kigumu, shaba ni laini, nakilini. Twaona kwamba mwalimu afundishaye hivyo hapa Rubwera, katika nchi ya Karagwe ambako uhunzi ni kazi ya kale, humpa mtoto nusu ya ukweli. Mhunzi ajua kuwa ugumu hubadilika. Metali ikifuliwa baridi huwa ngumu hata ikakaribia kupasuka. Ikirudishwa motoni hulainika.

Jambo hili lapimika. Mwaka 1900 Mswidi Johan August Brinell alitangaza njia ya kugandamiza gololi ya chuma cha pua juu ya metali, kisha kupima upana wa kishimo. Kishimo kikiwa kidogo, metali ni ngumu.

Darasani yatosha gololi ya baiskeli. Fua waya mnene wa shaba uwe bapa, ukate vipande viwili, kimoja kitiwe motoni hadi kiwe chekundu, kisha kipoe. Weka bapa juu ya fuawe na gololi juu yake, simamisha kipande cha bomba kuizunguka gololi isiruke, udondoshe humo boliti nzito kutoka kimo kile kile. Bapa lililotoka motoni litapata kishimo kipana zaidi. Lifuliwe tena mapigo matano, kumi, ishirini, na kila mara lipimwe mahali papya. Vishimo vitapungua upesi mwanzoni, kisha polepole.

Hayo maneno "mahali papya" ndiyo yaliyotusukuma kuandika. Katika somo moja tulilohudhuria, mtoto alipima karibu mno na kishimo cha kwanza, akapata kidogo zaidi, na mwanachuo akamwekea alama ya kosa. Kipimo chake kilikuwa sahihi! Gololi inapobonyea huifanya ngumu metali iliyo kandokando, kama ifanyavyo nyundo. Ndiyo sababu wapimaji wa viwandani huacha nafasi baina ya vishimo. Mtoto yule alistahili kuulizwa alichoona.

Wala tusimpe kanuni kwamba kila metali ifuliwayo hubaki ngumu. Bati, ambalo mawe yake huchimbwa Kyerwa, likiwa safi hulainika lenyewe baada ya kufuliwa, pasipo moto. Mabati ya nyumba yasiletwe kuwa ushahidi: hayo ni chuma kilichopakwa zinki.