Kasungami: Waacheni vijana wacheze 2048, lakini wazime data kwanza

Kasungami, komini Annexe, Lubumbashi. Magaribi kuran inapokatika, mwangaza wa kwanza katika parsele nyingi ni kioo cha simu. Kwenye kioo kuna mchezo. Nyuma ya anayecheza kuna sauti ya mzazi: "Weye, acha ile simu! Iko inakuharibisha kichwa!"

Lawama hiyo inasikika kanisani, kwenye masomo na mbele ya vibanda vya kuchaji. Batoto ba leo, wanasema, beko bavivu, banacheza tu. Ni lawama ya haraka. Aliyeitoa mara nyingi hajainama hata dakika moja kuangalia mtoto anacheza nini.

Tuchukue mfano mmoja, mchezo wa namba unaoitwa 2048. Ni uwanja wa nyumba 16, nne kwa nne. Ukisukuma kwa kidole, vigae vyote vinateleza upande mmoja. Viwili vyenye namba sawa vikigongana vinakuwa kimoja: 2 na 2 zinazaa 4, 4 na 4 zinazaa 8, hivyo hivyo mpaka 1024 mbili zizae 2048. Kila unaposukuma, kigae kipya kinaingia. Uwanja ukijaa na hakuna kinachoweza kuungana, umekufa, unaanza upya. Kama vigae vyote vingeingia vikiwa 2, ungehitaji 1024 kufika mwisho. Hakuna bahati itakayokupeleka huko peke yake. Anayerukia kila muungano anaouona anajaza uwanja mapema. Anayefika mbali ni yule aliyejifunza kuweka namba kubwa kwenye kona na kuilinda pale, hata kama kuna faida ndogo inamwita upande wa pili. Mtoto akifanya hivyo kwa nusu saa bila kuinua kichwa, huo uvivu uko wapi?

Wazee wa Kiluba wanakijua kisolo, mchezo wa mashimo na mbegu, ambao hata ng'ambo ya mpaka, Zambia, wanaucheza. Wababa wa Lubumbashi wanacheza dame kwa vizibo vya chupa mpaka jua linazama. Nani alisema kisolo kinaharibu kichwa? (Bibi wa mchezaji labda alisema, bukari ilipopoa.) Anayehesabu mbegu za adui kabla ya kutia mkono anaitwa mwenye akili. Mjukuu wake anapohesabu vigae, anaitwa aliyepotea.

Tofauti ipo, na ingefaa wazazi waiseme vizuri. Kwenye dame kuna watu wawili, na nyuma yao kuna kumi wanaotoa mashauri ambayo hakuna aliyeyaomba. Kwenye simu kijana amejifungia peke yake. Hilo ni kosa kweli, lakini linatengenezeka: simu iwekwe katikati, mmoja asukume, wengine wabishane.

Wizi wenyewe uko pengine. Kijana wa Italia, Gabriele Cirulli, alitengeneza 2048 mwezi wa tatu mwaka 2014, akiwa na miaka 19. Aliuweka mtandaoni bure, na kanuni zake wazi ili kila mtu aweze kuzichukua. Wengi walizichukua, wakatengeneza nakala, na nyingine wakazijaza matangazo. Ndiyo maana simu mbili za jirani zinaweza kuwa na mchezo ule ule, mmoja ukitulia kimya, wa pili ukileta video kila unapokufa. Ile video haiji na upepo. Inakuja kwa mega, na mega zimenunuliwa kwa franka za mama aliyeuza makala.

Ipo na njia nyingine ya kuvuna. Candy Crush Saga, uliotoka mwaka 2012, unakupa roho tano. Ukizimaliza unangoja dakika 30 kwa kila roho moja, ama unatoa pesa. Hapo kufikiri kumegeuzwa foleni, na foleni imewekwa bei. Kampuni yenye mchezo huo, King, ilinunuliwa mwaka 2016 kwa dola bilioni 5.9. Na betri za simu hizo nyingi zina kobalti, ambayo sehemu kubwa ya ile ya dunia inachimbwa Lualaba na Haut-Katanga. Jiwe linatoka huku, linarudi likiwa simu, na simu inatuuzia roho.

Wakongomani wanajua inite kupotea ndani ya simu. Kodi ya RAM ilianza mwaka 2020, watu wakapiga kelele mpaka bungeni, na mwaka 2022 ikafutwa. Kwa mchezo unaokula forfe ya wiki nzima, kelele inaishia juu ya mgongo wa mtoto.

Kwa familia zilizokimbia vita, hasara hii ina uzito mwingine. Iwe zilitoka Mitwaba ama Pweto miaka ya Kata Katanga, iwe ziliacha Kivu baada ya Goma kuanguka Januari 2025 na Bukavu Februari, simu ya nyumba ni moja, na namba yake ndiyo ile waliobaki nyuma wanaijua. Mama anangoja sauti ya dada yake kwenye WhatsApp usiku. Mega zikiwa zimeliwa saa kumi na moja na tangazo la sabuni, ile sauti haiingii, na usiku huo halali. Kumwambia mama huyo kwamba mchezo unakuza akili ni kumtukana, kama hakuna aliyemwonyesha mahali pa kuzima data.

Na asidanganyike mtu, 2048 haichukui nafasi ya masomo. Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi ya serikali yametangazwa kuwa bure, lakini daftari na yunifomu bado zinanunuliwa, na mtoto aliyefika katikati ya mwaka bila karatasi anaweza kubaki parselini. Wanaopigia kelele simu wangepiga nusu ya kelele hiyo kwa ajili ya daftari, mtoto angekuwa na kitu kingine cha kushika mkononi.

Kwa leo kuna jambo dogo la kufanya. Kabla ya kufungua mchezo, data izimwe. Mchezo unaokataa kufunguka bila intaneti ufutwe siku hiyo hiyo. Simu irudi kwa mama kabla ya saa ya kupigiwa, ikiwa na chaji. Na papa anayetaka kumnyang'anya mtoto simu acheze kwanza yeye mwenyewe mara moja, mbele ya watoto. Akifika 256 bila kuomba msaada, basi aendelee na hotuba yake.